Kikapu Ambacho Hakikushuka

Mjukuu wangu alipohamia Kanada aliniachia kompyuta yake, akanionyesha kamera ya mtaani ya mji mmoja huko Ufini. "Bibi, utaiona dunia bila kushuka ngazi," alisema. Magoti yangu yalimshukuru. Nakaa ghorofa ya tano, Aleksandria, na lifti ya jengo letu ilikufa kabla ya mume wangu.

Kamera ile inatazama kituo cha basi. Kila asubuhi mzee mwenye kofia nyekundu alikuja, akaketi kwenye benchi, akamenya chungwa, akala, akaondoka. Basi hakupanda hata siku moja. Mwaka mzima nilijiuliza: ana mke? Ana watoto? Au anaishi peke yake kama mimi? Jina lake sikulijua, lakini chai ya asubuhi nilikunywa naye.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja. Nilishinda mbele ya kompyuta nikitazama theluji ikijaa kwenye benchi, hata nikasahau kikapu changu. Hapa kwetu asiyeweza ngazi hushusha kikapu kwa kamba dirishani, na muuza mikate hukijaza. Mimi sikukishusha siku mbili.

Jumanne mlango ukagongwa kwa fujo.

"Hajati Insaf! Hajati, uko hai?"

Nikafungua. Mwanamume mnene, anahema, mikate kwapani.

"Wewe nani?"

"Mimi nani? Wagdi! Miaka tisa nakulisha mikate, mama!"

Kumbe. Kutoka juu nilikuwa namjua kwa upara tu. Uso wake sikuwahi kuuona.

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Mama Nagwa wa jengo la mbele. Kasema, 'Huyo saa moja hufungua dirisha la kushoto, hukohoa mara tatu, ndipo hushusha kikapu. Siku ya tatu hii kimya. Panda ukamwangalie.'"

"Mbea mkubwa! Ananichungulia?"

"Shukuru Mungu unaye wa kukuchungulia," akacheka. "Shika mikate yako, ngazi zimeniua."

"Basi kaa unywe chai."

"Wateja wananingoja, Hajati."

Nilimsikiliza akishuka mpaka mlango wa chini. Nyumba ikarudia ukimya wake, nami nikalia. Mimi niliyemwona yule mzee kila siku sikuwa na mtu wa kumwambia apande akamwangalie. Kofia nyekundu haijarudi mpaka leo.

Kesho yake saa moja nilifungua dirisha la kushoto. Madirisha ya jengo la mbele yalikuwa yamefungwa, ila moja lilikuwa na mwanya. Kifua changu kilikuwa safi, sina hata dalili ya kikohozi. Nikakohoa mara tatu, kwa nguvu, ndipo nikashusha kikapu.