Antena Mbili, Bomba Moja

Fundi wa cherehani alikuwa na jambo moja alilomwambia kila mteja huku akimpima kiuno: tangu atoke tumboni mwa mama yake, hajawahi kuinua mkono kumpiga kiumbe wa Mungu. Kisha hutoa pini mdomoni, akafikiri kidogo, akaongeza kwamba labda marehemu mume wake, mara mbili. Na wifi yake mkubwa. Na beberu wa jirani, lakini yule beberu ndiye aliyeanza.

Basi mwanamke huyo mpole ndiye aliyeamka Jumapili moja akiwa na neno moja tu moyoni: saa kumi jioni, lije jua ije mvua, lazima amwone mwanawe kwenye televisheni.

Mwanawe alikuwa bondia. Alipoaga miaka miwili nyuma, mama alimwambia hakumzaa ili aende kugawa makonde na kupokea makonde, na asije akamletea uso uliovimba mlangoni. Kijana aliyachukua maneno kama yalivyo. Hakurudi, wala hakupiga simu, mpaka wiki ile. Alisema pambano lake litaonyeshwa chaneli ya bure, na kwamba akishapanda ulingoni, kabla ya kengele, atainua mkono mmoja juu kwa ajili ya mama yake.

"Likiisha nitakuuliza ni mkono gani," alisema. "Ukinijibu, nitajua umenisamehe. Nitakuja nyumbani."

Sasa, chaneli ya bure ni bure kwa jina tu. Mlima ulikuwa umekaa mgongoni mwa kijiji kama mama mkwe, haupitishi kitu. Mawimbi yalipenya mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa mpakani, kati ya uwanja wa fundi na uwanja wa shemeji yake mwenye bucha, mdogo wa marehemu. Hapo marehemu alisimika bomba la chuma, refu kuzidi mapaa yote mawili, akalichomeka ndani ya bomba jingine pana ili liweze kuzungushwa. Juu yake akachomelea antena mbili, yake na ya mdogo wake, zote zikitazama upande mmoja. Alizichomelea kwa moto, hakuzifunga kwa waya, asije mmoja akamzidi mwenzake ujanja. Siku zile ndugu wawili walikuwa wakitazama kitu kimoja. Nani angefikiri kwamba mmoja atatangulia?

Mnara wa ngumi ulikuwa mashariki. Mnara wa mieleka ulikuwa kaskazini. Ukilizungushia bomba huku, picha za kule zinagandaganda, kisha kioo kinakuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Na mieleka nayo ilikuwa Jumapili, saa kumi.

Asubuhi fundi alikwenda bucha kwa adabu zake zote, khanga mbili, akamwomba shemeji saa moja tu. Shemeji hakuacha kukata mbavu. Alisema watu wake wamezoea kutazama mieleka yao pale buchani, hawezi kuwanyima kwa sababu ya mtoto anayekwenda kupigwa. Halafu, kwa utani wa kishemeji, akamwambia kama ana hamu sana ya kuona mtu akitiwa adabu, abaki pale pale atamwonyesha. Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka, akaenda zake. Anayemjua angejua kwamba hapo alipocheka ndipo pa kuogopa.

Saa kumi kasoro robo alipanda kichuguu, akalikumbatia bomba, akalizungusha mashariki. Kupitia dirishani kwake aliona televisheni ikitetemeka, kisha ikashika: ulingo mtupu, kamba nyekundu, watu wakitafuta viti. Upande wa pili wa uwanja watu wakaguna, na shemeji akatoka na panga la kukatia mifupa.

Alimpiga kwa ubapa wa panga mgongoni, fundi akaenda chini kwa magoti, na shemeji akalirudisha bomba kaskazini. Fundi aliinuka, akajifuta vumbi, akaingia ndani polepole. Mwenye bucha, mkono mmoja bado umelishika bomba, akadhani yamekwisha. Kumbe mwenzake alikuwa amefuata pasi ya mkaa, iliyokolea tangu mchana kwa ajili ya sare za shule.

"Toa mkono, shemeji," alisema.

"Nisipoutoa?"

Akaiweka pasi juu ya ule mkono. Ngozi ilikaangika, harufu ikasafiri mpaka bucha, na mwenye bucha akatoa sauti ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiisikia kutoka kwa ng'ombe. Kwa mkono mzima, ule uliofumbata mpini wa panga, akamtwanga ngumi ya mdomo. Meno mawili yakaruka majanini. Fundi akatema la tatu, akamkamata kiuno, kiuno alichokwisha kukishonea suruali nne, akamuuma bega mpaka shati likaja na kitu zaidi ya shati. Panga likaanguka. Shemeji akazikunja nywele za fundi kiganjani, akampigiza uso kwenye bomba, mara ya kwanza, mara ya pili, na pua ikavunjika kwa mlio mdogo kama kijiti cha kuwashia moto.

Watu wa mieleka wote walikuwa wameshatoka nje. Hakuna aliyeamua ugomvi. Hii ya nje ilikuwa nzuri kuliko ile ya ndani, na haikugandaganda.

Damu ilikuwa imemjaa fundi machoni. Akapapasa mfukoni, akatoa mkasi wa kukatia vitambaa, akaudidimiza kwenye paja la shemeji mpaka kwenye vishikio. Shemeji akalishika bomba asianguke. Fundi naye akalishika asianguke. Wakavutana, huyu mashariki, huyu kaskazini, na bomba, ambalo kutu ilikuwa ikilila kimyakimya tangu marehemu azikwe, likakatika. Lilishuka lote. Antena ya marehemu ilipita kando ya kichwa cha mdogo wake ikaondoka na nusu ya sikio. Nyingine ikatoboa bati la bucha. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, nyumba zile mbili zikawa zinatazama kitu kimoja: weusi.

Saa kumi na moja na nusu walikuwa benchi moja kwenye zahanati, mmoja na kitambaa puani, mwingine akishonwa sikio na nesi ambaye hakuuliza kitu. Simu ya fundi ikaita. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamevimba, kwa hiyo akaiweka sauti kubwa.

"Shikamoo, mama. Ulitazama?"

Fundi alimwangalia shemeji. Shemeji akaangalia ukuta. Kusema hakuona ni kusema hakusamehe, na kijana ndiyo basi tena.

"Marahaba, mwanangu. Mkono wa kushoto," alisema, maneno yakitoka na upepo palipokuwa na meno. Alikuwa amelipigia hesabu jibu hilo njia nzima: utotoni mwanawe alikuwa mtu wa shoto, lazima ni huo. Na kwa kuwa uongo mmoja huona upweke, akauletea wenzake. Akaeleza jinsi mpinzani alivyoanza kwa kupiga mgongoni kinyume cha sheria, jinsi damu ya pua ilivyomwagika, na jinsi kijana alivyojikaza akamchoma moja ya paja, ya mbavu yaani, mpaka jitu likaenda chini na nusu ya sikio.

"Sikio?" kijana aliuliza.

Mwenye bucha angeweza kumchoma shemeji yake kwa panga, lakini kumwacha azame mbele ya mtoto hakuweza. Akasogeza mdomo kwenye simu.

"Hata mimi baba yako mdogo nimeona," alisema. "Kushoto. Tulikaa pamoja, mimi na mama yako, mwanzo mpaka mwisho."

Kisha kijana akaeleza taratibu kwamba mpinzani wake hakutokea. Yeye mwenyewe hakupanda ulingoni; walimvua glovu chumbani, akatokea mlango wa nyuma.

"Nafasi wakaijaza na mieleka, mama. Chaneli ile ile, saa nzima."

Nesi akasimamisha sindano. Mwenye bucha akafumba macho.

"Haya," kijana alisema, "niambieni tena huo mkono."