Shuka za Zahanati

Pasi ilipogusa shuka, mvuke ulipanda na harufu mbili zikapanda nao: waridi juu, jasho la mgonjwa chini. Mama Pasi akarudisha uso nyuma. Akainua pindo, akanusa tena.

"Kipara!" alimwita mfuaji. "Hizi shuka za zahanati zimeingia majini kweli?"

Kipara aliangalia sakafu. "Zimepuliziwa tu, dada. Amri ya bosi. Anasema huo ndio ubunifu."

Ubunifu! Tangu dobi mpya afungue ng'ambo ya barabara, wateja walikuwa wakiwatoka kama maji kwenye pakacha. Bosi akaenda semina, akarudi na neno hilo halimtoki mdomoni. Akawakusanya, kila mtu alete wazo. Kipara akaomba mashine iliyokufa itengenezwe. Mama Pasi akaomba kamba za kuanikia ziinuliwe, maana shuka zilikuwa zikiburuzika matopeni. "Safi, safi sana," bosi akasema, kisha akanunua katoni ya manukato.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni, meno yote nje. "Vipi, Mama Pasi? Sabuni hatumalizi, maji hatumalizi. Wale wa ng'ambo wataona kilichomtoa kanga manyoya!"

"Bosi, hizi wanalalia waliojifungua. Na vichanga vyao."

"Kuna aliyelalamika?"

"Nani, vichanga?"

Kicheko kilimponyoka Kipara, akakigeuza kikohozi. Bosi hakucheka. "Kazi yako kunyoosha, si kunusa. Ukichoka sema, wanaoitaka pasi hiyo wamejaa tele."

Mama Pasi alimkazia macho. Alimjua mtu huyu tangu akifua kwa mikono yake mwenyewe, vidole vimechunika kwa sabuni, na alikuwa akimheshimu. Heshima hiyo sasa ilikuwa imechacha. Akaikunjua shuka, akamsogezea.

"Basi jifute uso nayo, kaka yangu."

Bosi akarudi nyuma. Hata mkono hakuunyoosha.

Mama Pasi akazima pasi. Akalikumbatia bunda zima, shingo kaigeuzia pembeni, akalitumbukiza kwenye karo la kufulia lililojaa maji.

Wote watatu wakainama kutazama. Maji yakageuka rangi ya chai iliyolala. Kutoka kwenye mkunjo wa chini, plasta ya kidonda ikabanduka, ikaibuka juu, ikaanza kuzunguka polepole, na hakuna aliyetia mkono kuitoa.