Mumiani wa Jina la Gati

Jumamosi, siku ya nne baada ya matanga ya bibi yake kuanuliwa, Gati alikuwa uani akimenya mihogo. Kornelio akapita kwenye uwazi wa ua wa minyaa, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Bibi."

Gati alikuwa na miaka kumi na sita na yuko kidato cha tatu. Kornelio alikuwa na miaka mia na arobaini hivi, na alikuwa mumiani.

"Itikia," mama yake, Boke, alisema kutoka jikoni. "Mtu mzima anakuamkia umekaa kimya kama gogo?"

"Marahaba," Gati akasema.

Kornelio akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Akatoa kikombe cha kahawa kwenye mfuko wa koti lake, koti zito la jeshi la Mwingereza, akakifuta kwa kitambaa safi na kusubiri. Jua lilikuwa limemkalia kichwani, akapiga chafya tatu. Jua halikumfanya lolote zaidi ya hapo.

Habari zake zilijulikana Kemambo kama njia ya kwenda kisimani. Mwaka wa pili wa Uhuru, bibi yake Gati akiwa msichana, alimkuta asubuhi amenasa kwenye miiba ya zizi. Alikuwa ameingia usiku akiwa mwembamba, akanywa damu ya fahali mpaka tumbo likakataa kupita alikoingilia. Wazee wa ritongo, baraza la ukoo, waliitwa. Mmoja alitaka achomwe mkuki, wengine wakamwuliza mumiani aliyekufa atamfaa nani. Wakamlisha kiapo: amtumikie Gati, maana ndilo lilikuwa jina la bibi, achote maji, alime, aezeke, na kila Jumamosi apewe na Gati kikombe kimoja cha damu, asiombe cha pili.

Wazee wale walikuwa na akili, ila jambo moja liliwapita. Walimfunga kwa jina, na kwa Wakurya jina halizikwi. Bibi alipompa mjukuu jina lake, kamba ya Kornelio ilipata mahali pengine pa kufungwa. Hata baada ya mazishi alichelewa kwa sababu tu kuanzia hapo mpaka Sirari akina Gati ni wengi kuliko mbuzi. Alikuwa amezunguka siku tatu akiwaamkia wote shikamoo, wazee kwa vichanga, hadi alipofika kwa huyu, goti la kushoto likamuuma. Akajua amefika.

Gati akanyoosha mkono. Mumiani hakuuma kama watu wanavyosema. Alitumia kishale kile kile cha kuwatoboa ng'ombe shingoni, kidogo kama msumari, na alama yake haikuzidi ya mbu. Akaonja, akatikisa kichwa kama mnunuzi wa kahawa.

"Dagaa juzi. Chumvi kidogo. Na hesabu zinakusumbua."

"Hesabu nazo zinakaa kwenye damu?"

"Zinakaa, Bibi. Zina uchachu."

Basi maisha yakaendelea. Kornelio aliamka mapema kuliko jogoo, akachota maji, akapalilia mihogo, akamaliza zizi ambalo baba yake Gati alilianza kabla hajaenda Mwanza, au Geita, inategemea nani anauliza. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma. Padri alimjua na alimwomba kitu kimoja tu, asipige chafya wakati wa mageuzo.

Kilichomsumbua Gati hakikuwa mumiani. Ilikuwa mikono ya mama yake.

Boke alikuwa akiosha marudio kwenye karasha la Thadeo, tajiri wa Kemambo. Karasha ni mashine inayosaga mawe ya dhahabu, wanaume wanaosha mara ya kwanza, na tope linaloachwa ndilo marudio, wanapewa wanawake. Mwanamke anakorogea tope zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu, zebaki inakamata chembe za dhahabu, anakamulia kwenye kitambaa, anabaki na kidonge cheupe. Kidonge anakwenda kukichoma nyumbani juu ya jiko, kwenye kijiko, mpaka moshi wote uishe na dhahabu ibaki, kiasi cha kujaza jicho la sindano. Zebaki yenyewe ilikuwa ya Thadeo. Aliigawa kila Jumatatu kwenye chupa za dawa ya kikohozi.

Mwaka ule mikono ya Boke ilianza kutetemeka. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Watu walisema anakunywa gongo kwa siri. Akina mama wa jumuiya wakamtoa kwenye zamu ya kugawa vikombe, na mmoja wao, kwa mdomo wake usio na breki, akamwuliza mbele ya wengine, "Mama Gati, hiyo mikono inacheza ngoma ya ritungu ya nani? Tuambie tuje na sisi." Boke alicheka pamoja nao. Alipofika nyumbani aliketi juu ya mikono yake, kama mtu anayetaka kuinyamazisha.

Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia apunguze mawazo.

Jumamosi moja Gati alikuwa na malaria. Kornelio alimtazama, akasema damu ya homa haimkai tumboni, afadhali afunge. Boke akakunja kitenge begani. "Njoo uchukue kwangu. Mtu hafi njaa kwenye boma langu."

"Kiapo kinasema Gati atoe."

"Natoa kwa niaba yake," Gati akasikika kutoka kitandani. "Kunywa."

Kornelio akanywa funda moja, akageuka pembeni, akatema. Kilichoanguka kwenye udongo hakikuwa chekundu. Kilikuwa tone linalong'aa, likakimbia, likagonga jiwe la jiko na kusimama. Kuku akalijia. Boke akamfukuza kwa ufagio.

"Hii si damu, Mama Gati," Kornelio alisema, akifuta midomo kwa adabu. "Hili ni duka la Thadeo."

Gati akatoka na blanketi lake mlangoni, akalitazama lile tone kwa muda mrefu. Homa ilikuwa kali lakini alielewa vizuri kabisa.

"Unaweza kuitoa zebaki yote?"

"Nikiamriwa."

"Itoe."

Kazi ilichukua mchana mzima. Kornelio alinyonya, akatenga, akaitema zebaki kwenye kopo la maziwa ya unga, damu akairudisha alikoitoa. Jioni Boke alijaza kikombe chai mpaka ukingoni, akakibeba kutoka jikoni hadi uani, asimwage tone. Akarudi akakibeba tena. Alifanya hivyo mara sita.

Jumatatu alikwenda karashani. Jumatano mikono ikaanza tena.

"Mama, acha ile kazi."

"Nikiiacha nitashika ipi? Shamba liko chini ya bwawa la tope la Thadeo. Au umesahau lilikokuwa?"

Gati hakuwa amesahau. Baba yake ndiye aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya kuliuza, kabla ya Mwanza, au Geita.

Habari hazina mguu lakini zinawahi kuliko pikipiki. Jumamosi iliyofuata wanawake kumi na mmoja wa karashani walikuja na vigoda vyao, wakapanga foleni kwenye kivuli cha nyumba. Walipiga soga, wakasukana nywele, na zamu ilipofika mtu alinyoosha mkono kama anayepima kitenge. Kornelio alitema. Gati alishika kopo, maana kiapo hakikumruhusu mumiani kugusa damu ya mtu Gati hayupo. Hivyo masomo ya ziada ya Jumamosi yakampita. Hesabu zikazidi uchachu.

Baada ya wiki tano kopo lilikuwa nusu, na zito kama mtoto. Gati akaamua kulipeleka mkutano wa kijiji. Alifikiri, kama msichana yeyote aliyefundishwa sayansi angefikiri, kwamba watu hawalioni jambo kwa sababu halijawekwa mezani.

Akaliweka mezani.

Mwenyekiti akachungulia ndani, akaona pua yake. Kornelio akasimama, akavua kofia, akaeleza kwa utaratibu: mafunda mangapi yametoka kwa nani, nani ameshaanza kutetemeka, nani atafuata kabla ya mavuno, mjamzito yupi anamgawia aliye tumboni. Hakuna aliyebisha. Wote waliujua ulimi wake. Mzee mmoja alisema hata enzi za marehemu bibi, Kornelio hakuwahi kukosea.

Thadeo akainuka kutoka kiti cha mbele. Alikuwa mtu mpole, mfupi, aliyechangia mabati ya shule.

"Mwenyekiti, nimesikitika," alisema, na uso wake ulisikitika kweli. "Naomba kuuliza swali dogo. Hiyo zebaki ni ya nani?"

Mkutano ukafikiri.

"Ni ya mama yangu," Gati akasema. "Imetoka mwilini mwake."

"Sawa, binti yangu. Na mwilini iliingia ikitoka wapi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema, "Kwenye sheria hapo kuna kitu." Kwa Mkurya ng'ombe aliyepotea akionekana kwenye zizi lako, hata ukimlisha miaka mitatu, akijulikana alama yake unamrudisha. Wazee wakaanza kutoa mifano. Ikatajwa kesi ya fahali mweupe, ikatajwa ya nyuki waliohama mzinga. Saa mbili zikaenda, na hakuna aliyetamka tena neno mikono. Mwishowe ikaamuliwa kwamba zebaki ina alama ya mwenyewe, irudi kwa Thadeo.

Thadeo akashukuru. Kwa kuwa si mchoyo, akaahidi kumjengea Kornelio kibanda cha bati pale pale karashani, akina mama wasihangaike kutembea, na kiti chenye mto. Wakampigia makofi. Boke naye alipiga. Viganja vyake vilikosana mara mbili ndipo vikakutana.

Njiani kurudi, Kornelio alitembea hatua mbili nyuma ya Gati, kama kiapo kilivyotaka.

"Bibi, huyu mura Thadeo nimtembelee usiku? Sema neno tu, Alhamisi tunakula ubwabwa wa matanga."

Gati akasimama. Toka pale barabarani yalionekana makarasha matatu mengine mlimani, yote yakivuma. Aliwaza mama yake Ijumaa asubuhi, amebeba karai lake lile lile, akipanda kuelekea karasha la jirani. Aliwaza pia kwamba damu ya Thadeo, mwenye ofisi yenye madirisha makubwa, huenda ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote Kemambo, na kwamba Kornelio, alivyokonda, angeinywa kwa hamu.

"Hapana," akasema. "Twende, maji hayajachotwa."

Kibanda kilijengwa kwa siku tatu, ahadi ya Thadeo haikupungua hata msumari. Sasa Jumamosi wanawake wanakuja na vigoda, hata kutoka vijiji vya ng'ambo. Jioni wanabeba vikombe bila kumwaga. Karani wa Thadeo anakuja na kopo tupu, anaondoka na lililojaa, na Jumatatu zebaki inagawiwa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, kiasi kile kile.

Wa mwisho kwenye foleni huwa ni Gati, maana lazima mumiani ale.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa alikaa, akanyoosha mkono huku akisoma daftari la fizikia. Kornelio akatoboa, akaonja. Hakutikisa kichwa. Alikaa na lile funda mdomoni kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Nini?" Gati akauliza. "Hesabu?"

Kornelio akamtazama, akatazama upande wa nyumbani, ambako kila jioni kidonge cha Boke kilichomwa kwenye kijiko na moshi ukapita juu ya vitanda ukitafuta mlango. Akainama pembeni, akijizuia kutema.

Gati akafunga daftari. Akamsogezea kopo.

Tone lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Liliviringika hadi chini, likajiunga na mengine bila kelele, na karani aliyekuwa amesimama mlangoni akaomba wafanye haraka kidogo, mvua inakuja.