Harusi Iliyofungua Maji

Maji ya ziwa kati ya mji wa Baraka na kijiji cha Lweba yalikuwa yamefungwa miezi mitano. Jeshi lililoshika Baraka lilipiga risasi kila mtumbwi uliotoka Lweba, na wapiganaji wa Mayi-Mayi walioshika Lweba walipiga kila uliotoka Baraka. Barabara ilikuwa na mabomu. Lweba watu walikuwa wanakufa kwa kolera, na dawa haikuwa na njia.

Ndipo akaja Balozi. Alitoka nchi ya kusini mwa ziwa, ambayo haikuwa na askari hata mmoja kwetu. Miezi miwili alikuwa amezunguka kwa wakubwa wa pande zote mbili, mpaka wakasaini kwamba mitumbwi ya wagonjwa ipite. Wengine walisaini wakaenda kula. Yeye aliileta karatasi mwenyewe hadi ufukweni kwetu Baraka, pamoja na katoni arobaini za serumu, yaani dripu za wagonjwa, kutoka kwao.

Komanda wa Baraka aliisoma, akaguna. "Mi nimekubali. Lakini bale ba Lweba habana redio. Nani atabaambia?"

"Mimi," alisema Balozi.

Akanitafuta mimi, Eddy, kwa kuwa nilikuwa na mtumbwi mkubwa wenye mashine. Mkononi alishika bendera ya nchi yake. Nikamwambia wazi, "Ekselansi, hiyo itatuua. Huku wenye bendera ni basoda, askari tu."

"Basi twende na nini?"

Mama Adolphine, mkunga, alikuwa anahesabu katoni. Akacheka. "Na harusi. Bushira wa Baba Saleh ameolewa Lweba, mahari imeshaliwa, naye iko anakaa tu hapa. Hakuna muntu anapiga harusi risasi."

Balozi hakutaka kumtumia mtoto wa watu bila kumuuliza. Akaenda kwake. "Binti, unajua hatari?"

"Mi naenda kwa bwana yangu," alisema Bushira. "Kama we unaogopa, Baba Balozi, baki."

Kwetu mtumbwi wa bibi harusi huenda kwa makasia, polepole, bamama wakiimba, ili wenyeji wasikie na kushuka kuupokea. Walipanda bamama wanane. Balozi aliketi katikati bila koti wala bendera, beseni la mchele mapajani. Roger, shemeji yangu, alisimama mbele na mti wa kusukumia.

"Balozi, unapiga makofi kama muntu anaua mbu!" Mama Adolphine alimtania. Alicheka, akaendelea kuua mbu wake.

Tulipokaribia Lweba upepo ulipanda, maji yakaanza kuingia kwenye katoni. Nikawasha mashine. Hilo ni kosa langu, silifichi. Mwaka ule petroli walikuwa nayo askari tu, hata yangu ilitoka kwa komanda, na ule mlio ulimeza wimbo wote.

Risasi ilitoka kwenye mihogo, juu ya ufuko. Roger alianguka chali ndani ya mtumbwi.

Nikazima. Bamama walikuwa wamelala chini, kimya. Balozi peke yake akasimama. Hakujua hata neno moja la Kibembe, lugha ya wimbo wetu. Akaanza kupiga makofi, vibaya vilevile, akiitazama ile mihogo. Sijaona mwanaume mwingine akifanya kitu kama kile. Mama Adolphine akainuka, akaushika wimbo. Bushira akafuata, kisha wote.

Sauti ikauliza kutoka juu, "Ni harusi?"

"Ni harusi, bapumbavu!" alijibu Mama Adolphine. "Na mumeshapiga muntu!"

Walishuka, bunduki zikitazama chini. Balozi aliingia majini hadi magotini, damu ya Roger kwenye shati, akampa mkubwa wao karatasi. Hakumtisha wala hakutaja cheo. Alisema, "Wakubwa wako wamesaini. Huyu awe wa mwisho."

Kwao walimwita arudi upesi. Alilala Lweba siku tatu juu ya mkeka, mpaka tulipomaliza kuzika. Kaburi alichimba pamoja nasi.

Maji yalikaa wazi wiki kumi na moja, hadi mapigano mengine yalipofika. Mitumbwi hamsini na miwili ya wagonjwa ilipita, kwenda na kurudi.

Gharama iliyotoka kwetu ni hii. Katoni tatu zililowa. Bushira alingoja siku saba za matanga kabla ya kuingia nyumbani kwa bwana yake. Mke wangu Constance, dada yake Roger, hakusema nami mwaka mzima. Na Roger mwenyewe, miaka ishirini na sita, watoto wawili.