Mrija wa Nabii

Kiwiko cha Kanyana alichokitegua Nabii Barutwanayo juzi kilikuwa bado kimevimba, lakini hakukubali mwingine abebe mtungi wa pombe ya ndizi. Kilimani kwao mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu. Nabii, pamoja na ukali wake wote, hakuwahi kuruka desturi hiyo. Leo aliusukuma mrija pembeni.

"Wape wanangu wanywe. Saa ya safari imefika."

"Baba, hujaonja."

"Unanishuku, we mtoto? Nani alikuokota barabarani?"

"Ni wewe, Baba."

Waumini wakautazama mtungi. Kanyana akamwonea aibu, mtu mzima kukosa adabu mbele za watu. Akainama, akavuta funda kwa niaba yake.

Waumini wakashusha pumzi, wakaisogelea mirija yao.