Kilio cha Kobe Mdogo

Katika majina yanayopita mwisho wa katuni yangu, mtunzi ni mimi, mchoraji ni mimi, na sauti ya Kobe Mkubwa ni mimi. Mke wangu aliuliza kwa nini nisijiandike na mtazamaji pia. Studio yetu ilikuwa kabati la nguo lililozibwa kwa mablanketi. Kobe Mdogo alikuwa binti yetu wa miaka saba, aliyerekodi akiwa amekalia viatu vyangu.

Katika kipindi cha tisa Kobe Mdogo alitakiwa kulia. Binti alijaribu, akaishia kucheka. Kisha siku moja alirudi kutoka shule, akajifungia chumbani, akalia kwelikweli. Baba mwenye akili angeingia kumbembeleza. Mimi nilitega kinasa sauti mlangoni, nikajipongeza kwa ubunifu.

Kipindi kilirushwa Jumamosi asubuhi. Meneja wa vipindi akapiga simu: kilio kimewatoa watu machozi, leta cha kumi haraka! Kichwa kikanivimba. Nilipogeuka kumpasha binti yangu habari, alikuwa amesimama mbele ya televisheni.

"Yule ni mimi," alisema. "Siyo Kobe."

Akagoma. Nilimbembeleza kwa pipi, kwa baiskeli, hata kwa ahadi ya kumchorea Kobe Mdogo mabawa. Wapi! Kipindi nikakisahau, kilichonitia hofu ni kwamba mtoto alifunga mlango kila nilipopita. Ijumaa akatoa sharti.

"Ulie wewe. Mimi nishike mashine."

Nikaingia kabatini. Nililia kama mbuzi, nikalia kama gari linalokataa kuwaka. Fundi sauti wangu akatikisa kichwa.

"Uongo. Rudia, baba."

Nilirudia mpaka koo likakauka. Mwishowe nikamuuliza siku ile alikuwa analilia nini.

"Siku ya wazazi ulisema utakuja. Nikakuwekea kiti. Nikawakataza wenzangu wasikikalie."

Siku hiyo nilikuwa mezani, nachora gamba la kobe. Nikauficha uso kwenye koti langu la harusi, nikalia bila kuelekezwa na mtu. Kilikuwa kilio kizuri, cha kutosha msimu mzima, na mtunzi aliyemo ndani yangu, Mungu amsamehe, alilifikiria hilo.

Binti yangu alinitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akazima mashine.