Nyasi za Sakafuni kwa Abdulatifu

Ijumaa moja ya mwaka 1908, pale Ndama, bara mbali na pwani, Mwanamisi alikuwa anapalilia tangawizi yake, na tangawizi ilikuwa imegoma. Majani ya njano, udongo mgumu kama kigae. Kile kipande cha shamba aliachiwa na mumewe, Abdallah, mchuuzi wa kutoka Pangani, kabla hajafa, na ndicho kilichokuwa kinamlisha. Shemeji yake Abdulatifu, mwenye duka, alikuwa anadai ni chake.

Jirani yake Mwaja, mzaliwa wa pale, akamwambia dawa ni nyasi, na siyo mbichi. Huku watu wanatandaza nyasi ndani ya nyumba, wanazikalia, wanazilalia, zikichakaa wanazipeleka shambani kufunika udongo usikauke. Kwa Mwanamisi kulikuwa na mikeka ya pwani tu. Basi akaenda kwa shemeji, aliyekuwa anabadilisha za kwake siku hiyo hiyo.

"Chukua, shemeji," Abdulatifu alisema. "Takataka zinakufaa."

Akabeba mizigo sita, akatandaza unene wa nusu shibiri. Wiki ya tatu udongo ukalainika, minyoo ikarudi, machipukizi yakatoka ya kijani. Na kila umande ulipozilowesha, nyasi zilisema yale zilizoyasikia sakafuni. Sauti ilikuwa ya Abdulatifu: "Marehemu alimwachia mkewe, najua. Wewe Abdulrahim ulikuwepo, lakini utasema hukuwepo." Kisha sauti ya Abdulrahim, shahidi wa wasia ule, ikakubali, ikaomba punje nyingine za kahawa za kutafuna, kama desturi ya huku.

Wapita njia walisikia. Mmoja alilalamika tu kwamba zinasema haraka mno.

Mwanamisi akamwita mkungu, mkuu wa kijiji. Akaja asubuhi, Abdulatifu naye akiwepo, akasikiliza mpaka mwisho, akazimwagia maji ya kibuyu ili zirudie pale pa Abdulrahim. Zikarudia. Halafu akazifunua kidogo, akachota udongo, akaunusa.

"Ulikuwa hivi tangu zamani?"

"Hapana, mzee. Ulikuwa jiwe."

"Na nyasi ni za nani?"



"Zangu," Abdulatifu alisema. "Na sauti ni yangu, sikatai."

Mkungu akafuta mikono. Akasema shamba linamfuata aliyelinonesha, yaani mwenye nyasi, na maneno ya sakafuni ni mambo ya ndani ya nyumba ya mtu, si ushahidi. Akaomba tangawizi kidogo ya dawa ya kifua, akapewa, akaondoka.

"Na mikeka yako, shemeji," Abdulatifu aliuliza, "yenyewe inasemaje?"

"Haisemi. Haijawahi kukaliwa na wewe."

Mwanamisi akaikunja, akahamia kwa Mwaja.

Tangawizi ilivunwa nene kama ngumi. Kila msimu Abdulatifu anaongeza shambani nyasi za sakafuni kwake, na udongo unazidi kunona. Kila asubuhi nyasi zinaeleza habari yote, tangu marehemu mpaka kahawa, na yeye anasimama katikati ya shamba na jembe, anapaza sauti kidogo kuwasalimia wapita njia. Nao wanamwitikia.